Gitaa kavu la kwanza kwa mwenye bajeti ndogo: maswali ya watu wa Kigoma

Majibu haya ni kwa anayetaka kununua gitaa kavu la kwanza akiwa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu au hata Tabora, na mfuko wake si mnene. Wengi wanaouliza ni wanakwaya, wanafunzi waliomaliza mitihani, na wazazi wenye mtoto anayepiga meza ngumi kutwa nzima. La umeme lina mambo yake, halimo humu.

Msimamo wangu niutaje mapema ili usome ukijua: fedha ya mwanzo inunue gitaa linalobonyezeka bila kukuumiza na linaloshika tyuni, yaani nyuzi zikishakazwa kwenye sauti sahihi zinabaki hapo. Rangi, mng'aro na jina la kampuni vinaweza kusubiri.

Nichukue la nyuzi za nailoni au la nyuzi za chuma?

Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole, na sauti yake ni ya duara, ya upole. Shingo ya gitaa la nailoni ni pana: pale juu karibu na kichwa huwa na milimita 50 hadi 52. Ya chuma huwa kama milimita 43. Upana huo una faida na hasara. Vidole vinene vinapata nafasi ya kukaa bila kugusa uzi wa jirani, lakini kiganja kidogo kinahangaika kuzunguka shingo, hasa kwenye kodi (milio ya nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja) za kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja.

Nyuzi za chuma zina makali na zinasikika mbali. Ukiimba na kwaya ya watu ishirini bila spika, la chuma litasikika, la nailoni litamezwa. Kwa pambio za kuchapa na kwa mapigo ya kirumba ya vidole, mimi huelekeza watu kwenye chuma, ila nawaambia waweke nyuzi nyembamba: seti iliyoandikwa 10 au 11 kwenye pakiti (namba hiyo ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi). Seti ya 12 ina sauti nono zaidi, lakini kwa vidole vya wiki ya kwanza ni adhabu.

Mtoto, mtu mzima mwenye ngozi laini, au anayetaka kupiga peke yake sebuleni bila kusumbua majirani, achukue nailoni. Wengine wote wachague kwa sikio. Na kabla hujaamua, pita kwenye maduka ya vyombo vya muziki unayoweza kuyafikia uulize wanaleta nyuzi zipi. Gitaa ambalo nyuzi zake lazima ziagizwe Dar es Salaam kila zinapokatika litakaa ukutani.

Laki mbili zinatosha?

Bei zinapanda na kushuka, na bei ya Kariakoo si bei ya Mwanga hapa Kigoma, kwa hiyo sitakupa orodha itakayochakaa. Nitakupa mgawanyo. Ukiwa na 200,000 mkononi, usinunue gitaa la 200,000. Tafuta la 150,000 au pungufu, na hiyo 50,000 ibaki kwa seti ya nyuzi mpya, mfuko wa kubebea, nauli ya mzigo kama linatoka mbali, na kazi ndogo ya fundi. Gitaa la bei ya chini likipata nyuzi mpya na kushushwa kimo cha nyuzi hulipita la bei ya juu lililoachwa kama lilivyotoka kwenye boksi. Watu hawaamini mpaka washike yote mawili.

Fedha ikiwa ndogo zaidi, mtumba mzuri ni bora kuliko jipya baya. Lakini mtumba unataka macho, na hapo ndipo swali linalofuata lilipo.

Nakagua vipi gitaa kabla ya kutoa fedha?

Kwanza, usikubali kupigiwa na muuzaji halafu ukaridhika. Wauzaji wengi hupapasa nyuzi zikiwa wazi, bila kubonyeza popote, na gitaa lolote lililotyuniwa hutoa sauti tamu namna hiyo. Ubovu uko kwenye shingo, na shingo hujulikana kwa kubonyezwa.

Lishike, weka jicho kichwani kwake, tazama shingo kuelekea chini kama seremala anavyokagua ubao kabla ya kuununua. Ukingo uwe mnyoofu. Ukiona umepinda kama pua ya mtumbwi, au upande mmoja umejizungusha, rudisha. Shingo iliyojizungusha hakuna fundi wa hapa atakayeinyoosha kwa gharama yenye maana.

Kisha toa kadi tatu za benki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo tatu pamoja ni kama milimita 2.3. Hesabu freti, vile vijiti vya chuma vilivyolazwa kukata shingo, mpaka ya 12 (kwenye magitaa mengi ya chuma kuna vitone viwili pale), uingize kadi zote tatu kati ya freti hiyo na uzi mnene wa juu, ule wa sita. Kwenye gitaa la chuma, kadi tatu zikiingia kwa kugusa uzi kidogo, hapo pazuri. Zikiingia nne, bado linavumilika. Zikiingia tano na hewa ikabaki, nyuzi ziko juu sana na mwanafunzi ataacha baada ya wiki mbili akidhani hana kipaji. La nailoni linaruhusiwa kuwa juu zaidi, hata kadi tano upande wa uzi mnene si kosa.

Baada ya hapo, bonyeza kila uzi kwenye kila freti, mmoja mmoja, upige. Ndiyo, ni sauti zaidi ya mia. Muuzaji atanuna. Mwache anune, fedha bado ni yako. Unasikiliza mahali uzi unapounguruma kama nzi kwenye chupa, au unapotoa sauti ileile kwenye freti mbili zinazofuatana. Hiyo ya pili maana yake freti moja imesimama juu kuliko mwenzake.

Jambo la mwisho la sikio: gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, piga, uondoe kidole upesi. Utatoka mlio mwembamba wa kengele. Sasa bonyeza palepale upige tena. Milio hiyo miwili iwe sawa. Ikipishana kidogo kwenye nyuzi zilizochakaa, samehe. Ikipishana sana kwenye nyuzi mpya, gitaa hilo litakuwa sahihi kwenye kodi za chini na litapotea ukipanda, hata ulityuni kutwa.

Ukimaliza shingo, geukia daraja, kile kipande cha mbao tumboni kinachoshika nyuzi. Jaribu kupitisha pembe ya karatasi chini yake upande wa nyuma. Karatasi ikiingia, gundi imeachia na nyuzi zinaling'oa taratibu. Tazama pia kama tumbo limevimba nyuma ya daraja: kuvimba kidogo ni kawaida kwa la chuma, kuvimba kama maandazi si kawaida. Zungusha funguo zote sita za kukazia nyuzi. Ziwe nzito kidogo na laini, zisirudi zenyewe.

Mikwaruzo, rangi iliyobanduka, stika za timu za mpira zilizobandikwa na mwenye mali wa kwanza: hayo yote ni sababu ya kushusha bei, hayadhuru kitu.

Naagiza kutoka Dar es Salaam bila kuliona. Nifanyeje?

Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam, na kurudisha gitaa bovu ni kilomita nyingine hizohizo. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kulekule.

Ukiwa na ndugu au rafiki mjini, mtume dukani na maelezo ya swali lililopita, hata kama hajui muziki. Kadi tatu anazo, jicho analo. Usipokuwa na mtu, omba video, na uiombe kwa masharti. Waambie hivi: "Naomba upige uzi mmoja mmoja, freti moja moja, mpaka ya 12." Omba picha ya freti ya 12 kwa ubavu, karibu kabisa, na picha ya daraja kwa ubavu. Muuzaji mwenye gitaa zuri hufanya kwa dakika tano. Anayekwambia "bosi, we niamini tu" amekwisha kukujibu.

Kuhusu malipo, lipa lote baada ya kuona picha za gitaa lenyewe unaloletewa, si picha za mtandaoni za gitaa la aina hiyo. Tofauti utaijua kwa kuomba waweke karatasi yenye jina lako karibu nalo.

Sasa usafiri. Magitaa mengi yanayofika yamevunjika huvunjika sehemu moja, pale shingo inapoungana na kichwa, kwa sababu gitaa likianguka kwa mgongo kichwa ndicho hupokea pigo. Waambie walegeze nyuzi mizunguko miwili mitatu, si kuziachia kabisa, wajaze magazeti au nguo chini ya kichwa na pande zote za shingo, ndipo waweke kwenye boksi gumu. Boksi liandikwe pande zote kwamba ni chombo cha muziki. Kwenye basi, buti la chini lina joto na magunia. Ukimpata anayesafiri, alibebe mwenyewe ndani. Kwa treni ni rahisi zaidi kukaa nalo, ila uwe macho nalo usiku kwenye stesheni kubwa, Tabora hasa, ambako watu wengi hushuka na kupanda.

Likifika, usilikaze siku hiyohiyo. Liache ndani ya mfuko usiku kucha lizoee hewa ya ziwa, ndipo ulityuni.

Nasikia Yamaha ndiyo bora. Nitajuaje kama si feki?

Aina mbili ambazo wanaoanza hutajiwa sana ni C40 na F310. Ni nzuri kweli, na ndiyo maana jina linaigwa. Jambo moja la kukusaidia: C40 ni ya nailoni, F310 ni ya chuma. Mtu akikuletea C40 yenye nyuzi za chuma, ama si C40 ama kuna mtu ameiweka nyuzi ambazo zitaing'oa daraja. Vyote viwili ni sababu ya kuondoka.

Chungulia ndani ya tundu la sauti. Karatasi iliyobandikwa iwe imechapwa vizuri, herufi zisiwe na wino uliochuruzika, jina lisiwe na herufi iliyokosewa, na aina iliyoandikwa mle ifanane na anayoitaja muuzaji.

Lakini mimi sina ugomvi mkubwa na gitaa la kuiga. Likipita mtihani wa kadi na wa freti, ni gitaa zuri la bei nafuu lililoandikwa jina la mtu mwingine. Nililipie bei ya gitaa la bei nafuu, basi. Kosa ni kulipia jina.

Ni mbao halisi au plaiwudi?

Kwenye bajeti tunayozungumzia, karibu yote ni plaiwudi, juu, ubavuni na mgongoni, hata yale ya majina makubwa yaliyotajwa hapo juu. Ukitaka kuhakikisha, tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya ubao wa kipande kimoja huonekana ikishuka kutoka juu hadi kwenye ukingo. Ya plaiwudi utaona tabaka, moja juu ya jingine.

Uso wa ubao mzima hutoa sauti bora na huendelea kupendeza kadiri unavyopigwa. Pia hupasuka upesi. Tabora mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hewa ni kavu kiasi cha kupasua milango, na gitaa la mbao nzima lisilotunzwa halitabaki salama. Kwa anayeanza, plaiwudi ni stahimilivu na haina aibu.

Lile lenye tundu la kuchomeka waya je? Kanisani tuna spika.

Ongeza fedha hiyo baadaye. Magitaa mawili ya bei moja, moja lina umeme ndani na jingine halina, lile lisilo nao mara nyingi ni gitaa bora kwa sababu fedha yote imekwenda kwenye mbao na shingo. Kanisani wekeni maikrofoni sentimita 20 hadi 30 mbele ya mahali shingo inapokutana na tumbo. Usiilekeze moja kwa moja kwenye tundu la sauti, itavuma.

Inchi 38, 40, 41 maana yake nini?

Ni urefu wa gitaa zima toka kichwani hadi mkiani. La 41 ni kubwa la tumbo pana, lina sauti kuu, na mtu mfupi akilipakata bega la kulia hupanda mpaka sikioni. Kaa nalo dakika kumi kabla ya kununua. Bega likichoka, chukua la 38 au 40.

Mtoto wa miaka minane hadi kumi na moja hivi, mtafutie la robo tatu, linaloandikwa 3/4, na liwe la nailoni. Chini ya hapo kuna nusu, 1/2. Vile vigitaa vya plastiki vya madukani, vilivyochorwa katuni, havityuniki. Mtoto akifundishwa kwa chombo kisichotyunika, sikio lake linazoea makosa.

Mimi natumia mkono wa kushoto.

Kama hujawahi kupiga kabisa, jaribu la kawaida kwanza. Mikono yote miwili ina kazi ngumu na yote miwili inaanza sifuri. La kushoto utalitafuta sana huku kwetu, na ukienda mahali huwezi kuazima la mwenzako. Kugeuza tu nyuzi kwenye gitaa la kulia hakutoshi, kwa sababu mifereji ya nyuzi kichwani ina upana tofauti na kijiti cheupe cha darajani kinachobeba nyuzi, kwenye la chuma kimewekwa mshazari.

Nimeshanunua na nyuzi ziko juu. Linatengenezeka?

Mara nyingi ndiyo, na kazi hii inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mkono mtulivu.

Anza kwa kuangalia shingo. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ile ya 14 kwa pamoja, utazame katikati, karibu na freti ya saba. Uwazi uwe mdogo sana, kama unene wa kadi ya mwaliko. Ukiwa mkubwa, shingo imevutwa mbele. Magitaa mengi ya chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo, na tundu lake liko kichwani chini ya kifuniko kidogo au ndani ya tundu la sauti. Huzungushwa kwa spana ya aleni, robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, kisha unatyuni na kupima tena. Ikigoma, acha. Fimbo ikikatika, shingo imekwisha. La nailoni mara nyingi halina fimbo hiyo kabisa.

Shingo ikiwa sawa na nyuzi bado ziko juu, tatizo ni kijiti cheupe kilichosimama darajani. Legeza nyuzi, kivute kwa koleo lililofungwa kitambaa, au kisukume utoke nacho kwa ubavu. Hakipaswi kuwa na gundi nyingi. Kipunguzwe upande wa chini tu, ule ulio bapa, kwa msasa uliolazwa juu ya kioo au kigae ili usikipindishe. Hesabu yake: freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka nyuzi zishuke milimita 1 pale, punguza milimita 2 kwenye kijiti. Piga mstari wa penseli, punguza nusu yake, rudisha, tyuni, pima kwa kadi. Kisha endelea. Kijiti ukishakikata sana, cha kuongezea hakuna. Ukisikia nyuzi zinaanza kuunguruma, umefika mwisho.

Ukimpelekea seremala, simama naye. Hodari wa makabati anaweza kukikwangua upande wa juu kwa nia njema, akaharibu mkunjo wake.

Nyuzi za nailoni zimekatika, naweza kuweka za chuma?

Hapana. Seti ya 12 ya chuma huvuta kwa jumla zaidi ya kilo 70, ya nailoni kama kilo 40. Gitaa la nailoni halikujengwa kwa mzigo huo, na daraja litaruka, wakati mwingine na kipande cha tumbo. Kinyume chake, nailoni kwenye gitaa la chuma, hakiui kitu ila sauti inakuwa dhaifu.

Na waya wa breki ya baiskeli, jamani, ubaki kwenye baiskeli. Najua wazee walipiga hivyo. Freti zao zilikuwa zinaliwa.

Nyuzi hudumu muda gani?

Karibu na ziwa, kwenye unyevu na jasho, za chuma huota kutu upesi. Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, juu na chini ya uzi. Anayepiga kila siku abadilishe seti nzima kila miezi miwili mitatu. Kaa na uzi wa kwanza wa akiba nyumbani, ule mwembamba, kwa kuwa ndio hukatika zaidi, na kwa kawaida hukatika Jumamosi jioni.

Natyunije? Mimi nimezoea do re mi ya kwaya.

Nyuzi, kuanzia mnene hadi mwembamba, ni E, A, D, G, B, E. Programu ya simu kama GuitarTuna itakuonyesha kama uzi uko chini au juu. Simu ikizima, tumia shingo: bonyeza uzi wa sita freti ya tano, sauti hiyo ndiyo ya uzi wa tano ukiwa wazi. Endelea hivyo kushuka. Ila ukifika uzi wa tatu, bonyeza freti ya nne kupata wa pili, kisha rudi kwenye ya tano.

Mwanakwaya ana bahati ambayo haitumii. Kwenye nota za kwaya huandikwa Do ni herufi gani. Ikiandikwa Do ni G, basi kodi ya Do ni G, ya Fa ni C, ya So ni D, na nyimbo nyingi za ibada huishi kwenye hizo tatu. Do ikiwa A na wewe umezoea umbo la G, funga kapo freti ya pili upige umbo lilelile. Kapo ni kibanio kidogo kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja, na kwa mpigaji wa kanisani nakiweka mbele ya piki za akiba na mikanda ya mapambo.

Nilihifadhi wapi?

Adui wa kwanza ni joto. Chini ya bati lisilo na dari, saa nane mchana, gundi ya daraja hulainika na nyuzi zinavuta. Ndani ya gari lililofungwa ni vibaya zaidi. Liweke chumba chenye dari, ndani ya mfuko, mbali na dirisha na mbali na jiko. Tabora wakati wa kiangazi kikali, mwenye gitaa la mbao nzima aweke ndani ya mfuko kisahani cha sabuni chenye matundu na sponji iliyokamuliwa vizuri. Kigoma hilo halihitajiki.

Vidole vinauma. Ni kawaida?

Ncha kuuma ni kawaida, ngozi hukomaa ndani ya wiki chache. Piga dakika kumi na tano mara mbili au tatu kwa siku, usipige saa mbili Jumapili moja. Kifundo cha mkono kikiuma, pumzika na ubadilishe ukaaji; hicho hakikomai.

Seremala wetu anaweza kunichongea la mninga?

Sanduku ataliweza, na litapendeza. Freti ndizo zitamshinda. Kwenye uzi wa urefu wa milimita 650, freti ya kwanza iko milimita 36.5 kutoka juu, na kila inayofuata inasogea karibu zaidi kwa hesabu maalumu. Ikikosewa kidogo tu, hakuna kodi itakayokaa sawa.

Gitaa kavu litanifikisha kwenye muziki wa dansi?

Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na Kigoma ilikuwa na Lake Tanganyika Jazz. Bendi hizo zilijulikana kwa magitaa ya umeme yanayojibizana, moja linashika mwendo, jingine linapiga solo. Ukiwa na gitaa moja kavu huwezi kuwa bendi nzima, lakini unaweza kukaribia sana. Ng'ambo ya ziwa, Katanga, Mwenda Jean Bosco alikuwa na gitaa kavu tu Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipomrekodi mjini Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Dole gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinapiga wimbo juu yake, na mpigaji anaimba Kiswahili hapohapo. Mtindo huo unataka nyuzi za chuma, ziwe chini, na gitaa lisilopoteza tyuni. Haudai bei kubwa. Anza na dole gumba peke yake, liende sawasawa bila kusimama hata unapozungumza na mtu, ndipo uongeze kidole cha pili.

Nikishindwa, nitaliuza?

Utaliuza, tena bila hasara kubwa kama ulinunua mtumba. Weka nyuzi mpya, futa vumbi, lityuni kabla mteja hajafika, na umwachie alikague kwa kadi zake mwenyewe. Usiuze mfuko wake peke yake kwanza. Gitaa lisilo na mfuko hushuka bei kuliko thamani ya mfuko.